Lita 38 zilizopotea: uchambuzi wa kisa cha kilomita, geji na mafuta

Kisa hiki kimeondolewa majina, mitaa na namba za gari. Vipimo vyote ni vile vilivyosomwa kwenye gari lenyewe.

Hali ilivyokuwa

Gari ni dogo la Kijapani, injini ya lita 1.3, la kabla ya mwaka 2007, tangi la lita 42. Linafanya kazi ya kusambaza bidhaa za duka la jumla jijini Dar es Salaam: Kariakoo, Sinza, Tabata, Mbezi, na mara moja moja Kigamboni. Mmiliki ni mama mfanyabiashara. Dereva ni mtu mzima, ameajiriwa kwa mshahara wa mwezi, na mafuta yananunuliwa na ofisi. Kila Jumamosi jioni kilomita za dashibodi na lita za kwenye risiti ziliandikwa kwenye kaunta buku, kisha moja ikagawanywa kwa nyingine.

Daftari hilo ndilo lililookoa kisa hiki, pamoja na kwamba ndilo lililokianzisha.

Wiki nne za kwanza wastani ulikuwa kilomita 13.1 kwa lita. Kuanzia wiki ya tano hadi ya kumi na moja ukashuka hadi 11.2. Katika wiki hizo saba dashibodi ilihesabu kilomita 2,950. Kwa ulaji wa zamani zilitakiwa kutumika lita 225. Risiti zinasema 263. Lita 38 hazijulikani zilikokwenda.

Mambo yalivyofuatana

Wiki ya tano gari lilifungwa rimu za inchi 15 na matairi ya 185/65R15 badala ya 165/70R14 yaliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni. Sababu ilikuwa njia ya kuingia stoo, yenye mashimo na maji kila mvua ikinyesha. Fundi alishauri, mmiliki akakubali, dereva hakuulizwa.

Wiki ya sita bei kikomo mpya za EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, zilianza kutumika, kama inavyokuwa Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na safari hiyo bei ilipanda. Gari lilikuwa likiwekewa mafuta ya shilingi 50,000 kila mara, si la kujazwa, hivyo noti zile zile zikanunua lita pungufu.

Wiki ya saba pampu ya mafuta ya ndani ya tangi ilikufa. Ikabadilishwa kwa kufungua kifuniko kilicho chini ya siti ya nyuma. Tangu siku hiyo mshale wa geji haukufika tena kwenye F hata gari likijazwa pomoni, na taa ya mafuta ilianza kuwaka mapema.

Wiki ya nane dereva alipigwa tochi kwenye eneo la kilomita 50 kwa saa, akaandikiwa faini ya shilingi 30,000. Alisisitiza kwamba mshale wake wa mwendo haukufika hata 53. Wiki ya kumi akapigwa tena, akalipa 30,000 nyingine.

Katikati hapo, wiki ya tisa, mmiliki alifanya jaribio lake mwenyewe. Alijaza tangi, akaandika kilomita, akasubiri taa iwake. Ikawaka baada ya kilomita 336. Akagawa 336 kwa 42 akapata 8.0. Maneno yaliyofuata yalisemwa mbele ya wafanyakazi wengine:

"Mzee wangu, gari hili linakunywa kama lori. Mafuta yanakwenda wapi?"

"Bosi, mshale unavyoshuka mimi nauona kama unavyouona wewe. Sina dumu, sina mpira wa kunyonyea."

Mwisho wa mwezi shilingi 80,000 zilikatwa kwenye mshahara wake. Hapo ndipo dereva alipoomba gari lipimwe, na mmiliki, kwa haki kabisa, akakubali.

Uamuzi wa kwanza: kuanza na kilomita

Kilomita kwa lita ni hesabu ya vitu viwili, na kila kimoja kina kosa lake. Lita zinaguswa na sheli, mteremko wa kiwanja, mkono wa mhudumu na umbo la tangi. Kilomita zinaguswa na kitu kimoja tu cha kuaminika: tairi linazunguka mara ngapi. Ndiyo maana zilipimwa kwanza. Ni rahisi, na kosa lake likishajulikana halibadiliki kesho na keshokutwa.

Hesabu ya karatasi ilitangulia. Tairi la 165/70R14 lina ubavu wa asilimia 70 ya upana wake wa milimita 165, yaani milimita 115.5. Mara mbili ni 231, ongeza rimu ya inchi 14 ambayo ni 355.6, kipenyo ni milimita 586.6. Tairi la 185/65R15: ubavu 120.25, mara mbili 240.5, ongeza 381, kipenyo 621.5. Gawanya: 1.0595. Kila mzunguko mmoja tairi jipya linasonga mbele karibu asilimia 6 zaidi, na dashibodi haina habari. Inahesabu mizunguko, inadhani tairi ni lile la zamani.

Hapo pana jambo linalowauma wengi wanaonyanyua magari: tofauti ya kipenyo ni milimita 35, lakini gari linainuka nusu yake tu, milimita 17 na kidogo. Sentimita moja na robo tatu ya kukwepa jiwe, kwa gharama ya kila namba ya kwenye dashibodi.

Kupima barabarani

Karatasi haitoshi, kwa sababu odomita (kihesabu kilomita) ya kiwandani nayo ina kosa lake dogo. Upimaji ulifanyika Jumapili alfajiri, barabara ya Bagamoyo kuanzia nje ya Bunju, ambako gari linaweza kushika mwendo mmoja bila bodaboda kukatiza. Watu wawili: mmoja anaendesha na macho yake yako barabarani, mwingine anasoma na kuandika. Mtu mmoja hawezi kufanya kazi zote mbili kwa usalama.

Umbali ulipimwa kwa nguzo za kilomita, kwenda nguzo 20 na kurudi 20. Tripu, kihesabu cha safari moja kwenye dashibodi, ilisafishwa hadi sifuri gari likiwa sambamba na nguzo ya kwanza, likiwa limesimama pembeni. Kwa kilomita 40 za kweli tripu ilionyesha 38.0. Kipimo cha kusahihisha kikawa 40 kugawa kwa 38, yaani 1.053. Kinapungua kidogo kuliko 1.0595 ya karatasi kwa sababu odomita ilitoka kiwandani ikizidisha kidogo, chini ya asilimia moja. Umbali mfupi haufai: tripu inasoma sehemu ya kumi ya kilomita, hivyo kwenye kilomita 5 kosa la kusoma peke yake linafika asilimia 2.

Mwendo ulipimwa kwa njia mbili. Simu yenye programu ya GPS iliwekwa dashibodini mahali inapoona anga, na mshale ukashikiliwa palepale kwa sekunde zisizopungua 15 kabla ya kusoma, kwa kuwa GPS huchelewa gari likiwa linaongeza au kupunguza mwendo. Mshale wa 50 ulikuwa 52 halisi, wa 60 ulikuwa 62, wa 80 ulikuwa 83. Njia ya pili ni saa: 3,600 gawa kwa sekunde za kilomita moja. Mshale ukiwa 60, nguzo hadi nguzo zilikwenda sekunde 58, ambayo ni 62. Mshale ukiwa 80, kilomita mbili zilikwenda sekunde 87, ambayo ni 83. Njia mbili zisizojuana zikitoa jibu moja, ubishi umekwisha.

Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inataka mshale usisome kamwe chini ya mwendo halisi. Unaruhusiwa kuzidisha hadi asilimia 10 ya mwendo halisi pamoja na kilomita 4 kwa saa. Gari likiwa kwenye 83 halisi, mshale unatakiwa uwe kati ya 83 na 95. Wa gari hili ulikuwa 80. Ukaguzi wa Japani kwa magari ya kabla ya 2007 ulikuwa mlegevu zaidi: mshale wa 40 uliruhusiwa kumaanisha hadi 44.4 halisi, na kwa yaliyofuata ikashushwa hadi 42.5. Kwa hiyo gari kuukuu lililotoka Japani huenda halina ile akiba ya usalama ambayo watu wengi wanadhani kila spidomita inayo. Ukilivalisha matairi makubwa, unaondoa hata kile kidogo kilichokuwepo.

Maneno ya dereva kuhusu tochi yalikuwa kweli.

Kupima lita, na jaribio lililoharibika

Jaribio la kwanza la mafuta lilifanywa vibaya, na linafaa kuelezwa kwa sababu ndivyo wengi wanavyofanya. Gari lilijazwa kwenye sheli yenye kiwanja chenye mteremko, likatembea kilomita 96 za dashibodi, likajazwa sheli nyingine: lita 6.6. Jibu, 14.5. Siku iliyofuata kilomita 98, lita 9.5. Jibu, 10.3. Gari lile lile, dereva yule yule, njia zile zile.

Kilichotokea ni kwamba mara ya kwanza tangi halikujaa sawasawa, hewa ilibaki juu upande mmoja, na mara ya pili mhudumu aliendelea kubonyeza baada ya pampu kujikata ili fedha zifike namba nzima. Lita moja na nusu iliyokosekana kwenye mjazo wa kwanza ikajitokeza kwenye wa pili. Kwenye mjazo wa lita 8, lita moja na nusu inaharibu jibu kwa karibu asilimia 20. Daftari la wiki saba lilikuwa na wiki za 9.4 na wiki za 13.0 kwa sababu hiyo hiyo: mtu anayenunua kwa fedha bila kujaza hajui tangi lilianza na kiasi gani wala liliishia na kiasi gani.

Jaribio la pili lilipangwa upya. Sheli moja, pampu moja, gari linasimama palepale kwenye sehemu tambarare na upande ule ule. Mdomo wa pampu unaingizwa hadi mwisho, kasi ya kati, pampu ikijikata mara ya kwanza imetosha, hakuna kuongeza. Risiti inachukuliwa, na zinazoandikwa ni lita, si shilingi. Mijazo mitatu mfululizo, kila mmoja baada ya zaidi ya nusu tangi kutumika. Faida ya kuunganisha mijazo ni kwamba makosa ya katikati yanafutana. Yanayobaki ni la mjazo wa kuanzia na la mjazo wa mwisho. Kosa la lita 0.8 kwenye lita 73 ni kama asilimia moja.

Lita zilikuwa 24.6, 22.9 na 25.5, jumla 73.0. Kilomita za dashibodi 848, mara 1.053 ni 893 za kweli. Gawanya: 12.2.

Habari ya kwamba ukijaza alfajiri unapata mafuta mengi haikupewa nafasi katika jaribio hili. Ni kweli petroli hutanuka kwa karibu asilimia 1 joto likipanda nyuzi 10, lakini matangi ya sheli yamefukiwa ardhini na joto la humo halifuati jua la mchana. Kuhusu pampu yenyewe, kilichoangaliwa ni stika ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo. Kujaza petroli kwenye dumu la plastiki ili uhakiki mwenyewe ni hatari ya moto na haitoi kipimo cha maana. Dumu la "lita 20" si chombo cha kupimia. Mwenye shaka na pampu apeleke malalamiko kwa Wakala.

Geji

Hapa ndipo ile 8.0 iliyozaa ugomvi ilipotoka. Gari lilitembezwa hadi taa ikawaka, kisha likajazwa hadi pampu ikajikata. Liliingia lita 29 tu. Ndani ya tangi la lita 42 kulikuwa bado na lita 13 taa ikiwa inawaka. Rudia hesabu ya mmiliki kwa namba sahihi: kilomita 336 mara 1.053 ni 354, gawa kwa 29, unapata 12.2. Ni jibu lile lile la mijazo mitatu. Gari halikuwa limekunywa kama lori. Mgawanyo ulitumia lita 13 ambazo hazijatoka kwenye tangi.

Kabla ya kufungua, waya wa betri wa hasi ulitolewa, milango ikaachwa wazi na kizima moto kikawekwa karibu. Mvuke wa petroli ndani ya gari si wa kuchezea. Kifuniko kilipofunguliwa, floti, yaani boya linaloelea juu ya mafuta, ilitolewa pamoja na kihisi chake na kupimwa kwa mita ya omu (ya ukinzani wa umeme) huku mkono wake ukisogezwa taratibu kutoka chini hadi juu. Namba zilibadilika bila kuruka, kwa hiyo kihisi kilikuwa kizima. Kasoro ilikuwa kwenye mkono wa waya unaoshika floti. Ulikuwa umepinda kuelekea juu karibu na kiungo, kiasi cha unene wa kidole. Aliyebadilisha pampu aliupitisha kwa nguvu kwenye tundu la tangi badala ya kuuingiza floti kwanza na kuuzungusha.

Wengi hushangaa kwamba mkono uliopinda kwenda juu unafanya geji isome chini. Floti inafuata uso wa mafuta, haiwezi kukaa juu zaidi ya hapo. Mkono ukiwa umepinda juu, kiungo chake kinalazimika kushuka ili floti ibaki usoni, na kinachosomwa na geji ni pembe ya kiungo. Ulinyooshwa kwa koleo kidogo kidogo, ukilinganishwa na mkono wa pampu ile ya zamani ambayo kwa bahati ilikuwa haijatupwa.

Matokeo

Rimu za inchi 14 na matairi ya 165/70 yalirudishwa. Ilifikiriwa kubaki na rimu za 15 kwa tairi la 185/55, ambalo kipenyo chake ni milimita 584.5 na lingerudisha dashibodi karibu kabisa na ukweli, lakini ubavu wake ni mfupi, na kwenye mashimo ya njia ile rimu ingepasuka kabla ya mwaka kuisha. Mijazo mitatu iliyofuata ilitoa 12.9 kwa lita. Taa ya mafuta sasa ikiwaka, tangi linapokea lita 35.5.

Dereva alirudishiwa shilingi 80,000 zake. Zile 60,000 za faini hazikurudishwa, kwa hoja kwamba sheria inamtazama aliyeshika usukani. Barabarani ni kweli. Ofisini si kweli: matairi yalichaguliwa na mmiliki, na dereva aliheshimu kipimo alichopewa. Zilistahili kurudi.

Kilichofaa na kilichoharibika

Kilichofaa kuliko yote ni kulinganisha tarehe. Risiti ya matairi, risiti ya pampu na daftari vilipowekwa mezani pamoja, kushuka kwa wastani kulianza wiki ile ile matairi yalipofungwa, wiki mbili kabla ya geji kuharibika. Mwizi wa mafuta angelazimika kuanza kazi siku moja na rimu mpya.

Zile lita 38 zinagawanyika hivi. Kilomita 2,950 za daftari zilikuwa 3,106 za kweli. Kwa 12.23 zinahitaji lita 254, na zilizonunuliwa ni 263. Zinabaki lita 9 kwa wiki saba. Hizi hazina maelezo kamili, na lawama ni ya mpangilio wa upimaji: matairi yalikutwa na upepo wa kati ya psi 24 na 27 wakati kibandiko kinataka 33, yakajazwa kabla ya jaribio la pili. Mambo mawili yakabadilika kwa pamoja. Upepo mdogo huongeza ulaji, lakini kiasi gani kwa gari hili hakiwezi tena kutenganishwa na makosa ya daftari. Ilipaswa kujaza mijazo mitatu gari likiwa kama lilivyokutwa, ndipo upepo uguswe. Lita 9 ndani ya kosa la namna hiyo haziwezi kumtia mtu hatiani.

Simu nayo ilidanganya mara moja. Siku ya kwanza umbali ulipimwa kwa GPS mjini, na kwenye foleni ya Mwenge programu iliendelea kuhesabu mita gari likiwa limesimama, kwa kuwa alama ya mahali hucheza. Kwa mwendo thabiti barabara iliyo wazi GPS ni nzuri; kwa jumla ya umbali wa mjini, nguzo za kilomita ni bora. Wenye magari mapya yenye kuonyesha km/L kwenye kioo wajue kwamba namba ile inatokana na mizunguko ya tairi ile ile, hivyo ikivalishwa tairi lisilo lake nayo inapotoka.

Daftari la ofisi sasa lina safu ya lita, ya "imejazwa hadi kujikata: ndiyo/hapana", na ya upepo wa matairi unaopimwa Jumatatu asubuhi yakiwa ya baridi. Safu ya shilingi imehamia daftari la matumizi. Na kwa kuwa kilomita 156 zilitembelewa bila kuhesabiwa, badiliko la oili lililofuata liliwahishwa kwa kiasi hicho, likaandikwa kwenye kibandiko cha chini ya boneti.